Karatasi Mliyonisifia

Siku mliponiaga pale karakana ya boti Mbita, mlinilisha samaki ngege wa kukaanga, mkanipa kiti chenye mto wa mgongo, kisha mkasimama mmoja mmoja kunisifu. Karibu kila aliyesimama alitaja karatasi. Mlisema fundi Chacha ndiye aliyewafundisha kudondosha petroli kwenye karatasi kabla boti haijaondoka, na kwamba tangu hapo hakuna injini iliyowakwamia ziwani. Mkaleta kipande cha gazeti chenye duara la oili katikati, mmekitia kwenye fremu ya kioo, nikapigwa nacho picha. Kwenye picha ninatabasamu. Nimeitazama mara nyingi tangu nirudi nyumbani Kehancha, na kila mara naona aibu.

Karatasi ile si yangu. Nilifundishwa na mtu mwingine, nikaiacha kwa kiburi, na mama mmoja akafa. Kisha mwenzangu, nahodha Otieno, akabeba kosa langu miaka tisa huku akiitwa mwongo. Wengi wenu mlikuja baada yake na mnamjua kwa jina la utani tu. Nawaandikia ili mjue jina lake lilivyochafuka na ni nani aliyelichafua. Mambo ya vyeo na mshahara nayaacha, kwani hayakuwa ya kusimuliwa hata yalipokuwa yanakuja.

Kazi nilianzia Migori mjini, kwenye mashine ya kusaga mahindi ya mama mmoja mjane. Siku ya kwanza nilikuta injini ya dizeli imechemka mpaka pipa la maji ya kupozea linatokota. Wanawake walikuwa wamepanga madebe yao nje, wakimtazama kijana aliyeazima ovaroli ya mjomba wake. Nilifungua tangi, nikanusa. Dizeli ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa.

“Inafanya engine iwe nyepesi,” mama akanieleza.

“Itakuwa nyepesi, mama, mpaka isimame,” nikamwambia.

Ilisimama kabla ya saa sita. Mafuta ya taa hayana ule utelezi wa dizeli, na pampu ya injini ile hujilainisha kwa dizeli hiyo hiyo inayoisukuma. Tulikaa siku nne tukingoja pampu nyingine, na wanawake wakabeba mahindi yao kwenda kusaga ng'ambo ya mto, wakinisalimia kwa adabu walipopita.

Migori ndiko nilikojua kwamba watu hawayaachi mafuta jinsi yalivyo. Kila mtu ana dawa yake. Wenye pikipiki walitia ndani ya tangi vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende kabatini, wakaapa kwamba pikipiki sasa inapanda mlima ikiimba. Kwenye mashimo ya dhahabu kulikuwa na bwana mmoja aliyeongeza spiriti kwenye petroli ya pampu za kuvuta maji. Spiriti huhitaji kumiminika nyingi zaidi ya petroli ili iwake sawasawa, na kabureta haijui kwamba kilichomo kimebadilika. Kwa hiyo hewa inazidi, mafuta yanapungua, na joto linapanda. Plagi nilizozitoa kwenye pampu zile zilikuwa nyeupe kama chokaa. Nilimwonyesha yule bwana, akasema weupe ni dalili ya usafi.

Nilizicheka dawa zote hizo. Nataka mkumbuke kwamba nilizicheka, maana baadaye nilikuja kuiamini moja.

Kutoka Migori nilihamia Homa Bay, kwenye karakana kubwa ya boti, nikiwa mtu ambaye hajui kuogelea. Mpaka leo sijui. Aliyenipokea ni mzee Ogutu, fundi mkuu, mtu mfupi aliyevaa miwani iliyofungwa kwa waya wa plagi. Asubuhi ya kwanza sikupewa spana. Alinipa mtungi wa petroli wa lita ishirini, kopo la oili, glasi ya kunywea maji na gazeti la zamani.

“Changanya,” akaniambia. “Glasi mbili, ijae. Halafu tikisa mpaka mkono iume.”

Nilitikisa. Akachovya kijiti kwenye mtungi, akadondosha tone moja kwenye gazeti, akaliweka juani. Tukakaa. Akaanza kunihadithia habari za ng'ombe wake mmoja aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote ila mama mkwe wake. Hadithi ilipoisha, tone lilikuwa limekauka na kubakiza duara la mafuta, limeng'aa kidogo, nikaweza kusoma maandishi ya upande wa pili.

“Umeona hiyo? Petrol imeenda. Oili imebaki. Sasa tunajua iko.” Akaukunja ule ukurasa. “Gari iko na oili yake chini, inajipaka yenyewe. Hii ya boti haina. Inakunywa oili pamoja na petrol, mdomo moja. Ukiinyima, chuma inakula chuma.”

Miaka mingi nilifanya hivyo kila asubuhi. Mzee alinifundisha na mengine: kuweka kiganja juu ya kichwa cha injini na kuhesabu mpaka kumi, na ukishindwa kufika kumi uizime, kutazama ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni, ambao sote tunauita mkojo, na injini ikiacha kukojoa basi gugumaji limeziba njia. Alikuwa mkali. Alinitupia spana mara mbili, na mara zote mbili nilistahili. Alipostaafu nilipelekwa Mbita kuwa fundi mkuu, na mwaka uliofuata tukamzika. Nilimlilia mzee yule kuliko nilivyomlilia baba yangu, na sioni haya kulisema.

Mbita nilimkuta Otieno akiendesha boti ya wagonjwa, ile inayokwenda Mfangano, Remba na visiwa vingine kuleta watu hospitalini. Alikuwa mtu wa Ndhiwa, Msabato, mpole, mrefu kiasi cha kuinama kila mlangoni. Alinawa mikono kabla ya kushika usukani wa injini, na kunawa tena baadaye. Wenzake walimcheka kwa hilo. Karatasi ya mzee Ogutu aliipenda. Alidondosha tone lake, akakaa kando yake akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini mpaka likakauka.

Manahodha wengine walinung'unika. Mgonjwa anapigiwa simu, wao wanangoja gazeti likauke! Nami nilikuwa na haraka ya kuonekana kwamba nina akili kuliko marehemu mzee wangu. Oili tuliyokuwa tukinunua ilikuwa ya bluu. Ukichanganya, petroli yote inageuka bluu hafifu. Basi nikaondoa karatasi, nikaleta chupa ya soda isiyo na lebo. Unamimina kidogo, unaiinua juani, unatazama. Bluu ni sawa. Isiyo na rangi ni bado. Inachukua muda wa kupiga chafya, na manahodha walifurahi mno.

Otieno peke yake ndiye aliyeuliza. “Na kama rangi idanganye, Chacha?”

“Rangi ya oili itamdanganyaje nahodha mwenye macho?” nikamjibu, na wote wakacheka.

Kulikuwa na desturi nyingine ambayo mnaijua, ya mtungi wa mlangoni. Nahodha anayemaliza zamu huchanganya mtungi mmoja na kuuacha karibu na mlango wa stoo, ili simu ya mgonjwa isimkute mwenzake akipima glasi. Ni heshima ya kazini. Hatukuwa na maandishi yoyote juu yake, wala hatukuhitaji. Uliukuta mtungi mlangoni, ukaukagua kwa chupa, ukaubeba.

Hapo ndipo ilipokuja dawa. Muuzaji mmoja alipita na vichupa vyake, akasema ni ya kusafisha injini, inapunguza joto na matumizi ya mafuta. Nilimcheka kama nilivyomcheka yule wa spiriti. Akaniachia kimoja cha kujaribu. Nilijaribu kwa haki kabisa: boti mbili, injini za nguvu sawa, mzigo sawa wa magunia ya mchanga, kwenda Mfangano na kurudi. Ile yenye dawa ilirudi na mafuta mengi zaidi ndani ya tangi. Nikarudia juma lililofuata nikibadilisha boti, jibu likawa lile lile. Nilipofungua vichwa vya silinda, pistoni iliyotumia dawa ilikuwa safi, plagi zake za rangi ya biskuti, jinsi zinavyotakiwa kuwa.

Sitaisingizia dawa ile, kwani ilifanya ilichoahidi. Joto la injini lina njia nyingi za kuzidi. Maji yasipopanda, itachemka. Hewa ikizidi petroli, itachemka. Masizi yakijaa juu ya pistoni, yanabaki yamewaka kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake, na hapo pia itachemka na kula mafuta bure. Oili ikikosekana, ndiyo kusema chuma kinakula chuma. Dawa ilitibu moja tu kati ya hayo, masizi. Nililijua hilo vizuri. Niliwafundisha manahodha kwa maneno haya haya, wala hakuna aliyedhani dawa inachukua nafasi ya oili.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni rangi. Kifuniko kimoja cha dawa kwenye lita ishirini, na petroli inageuka bluu hafifu.

Mwanzoni haikuleta taabu, kwa sababu nahodha alitia oili kwanza, kisha dawa. Lakini walikuwa wakisahau dawa, nami niliionea uchungu kama mtoto wangu. Ijumaa moja petroli mpya ilipofika, niliamua kutia dawa mwenyewe kwenye mitungi yote palepale stoo, ili wasisahau tena. Niliwaambia waliokuwepo: “Dawa imo tayari, oili bado.” Otieno alikuwa ameondoka mapema kujiandaa kwa Sabato. Nilisema moyoni nitamwambia Jumatatu. Nikapanda gari kwenda nyumbani.

Jumapili, jua lilipochomoza tu, mtu wa Remba alipiga simu. Pamela, mchuuzi wa dagaa omena, alikuwa na maumivu ya tumbo siku ya tatu, tumbo limekaza kama ubao. Otieno alikuta mtungi karibu na mlango wa stoo. Haukuwa ule wa desturi. Aliyekuwa zamu Jumamosi hakutoka siku hiyo, wala hakuchanganya chochote, na mtungi uliachwa pale na wapakuaji Ijumaa, nami nikautia dawa pamoja na mingine. Otieno hakuweza kujua hilo. Alifanya nilivyomfundisha. Alimimina kwenye chupa, akainua juani, akaona bluu. Akaubeba.

Kwenda Remba alitumia mafuta yaliyokuwemo kwenye tangi, yaliyochanganywa sawasawa siku zilizopita. Remba alimpakia Pamela na mumewe, akajaza tangi kutoka kwenye ule mtungi, akarudi kwa mwendo wote ambao injini iliweza kutoa. Mfangano ilikuwa inaonekana mbele injini ilipobadilisha sauti, ikalia, ikashika. Hakuna kamba iliyoweza kuizungusha tena. Walipiga kasia, walipiga simu, walipunga shuka. Boti ya wavuvi iliwakuta baada ya saa mbili na kuwavuta. Pamela alikata roho kabla hawajagusa ufuko. Daktari alisema utumbo ulikuwa umepasuka. Mumewe alimuuliza kama angefika mapema ingekuwaje, na daktari, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akamwambia huenda angepona.

Nilipigiwa simu, nikarudi Mbita mchana huo huo. Otieno alikuwa amekaa chini nje ya stoo, shati limemkaukia mwilini.

“Niliangalia chupa, Chacha,” akaniambia. “Ilikuwa bluu. Haki ya Mungu, omera, ndugu yangu, ilikuwa bluu.”

“Pole,” nikamwambia. Nikaingia ndani na ile injini.

Nilitoa kichwa. Pistoni ilikuwa imekwaruzwa juu hadi chini na kubandikana na silinda. Joto lake lilikuwa limeisha, lakini harufu ya chuma kilichoungua ilikuwa bado imo. Nilichukua petroli iliyobaki kwenye tangi, nikaimimina kwenye chupa, nikasimama nayo dirishani. Ilikuwa bluu. Bluu nzuri kabisa. Nikatafuta gazeti. Nilidondosha tone moja na kusimama pale bila hadithi yoyote ya ng'ombe, nikilitazama likikauka, na lilipokauka karatasi ilikuwa kavu na safi kama iliyotoka dukani.

Nilielewa kila kitu dakika ile: dawa yangu, chupa yangu, mtungi mlangoni, na lile jibu langu lililowachekesha watu. Ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa na ile petroli mkononi, kiasi cha nusu chupa, na ndiyo yote iliyobaki ya mtungi ule, ushahidi kwamba Otieno alisema kweli. Nikaimimina kwenye karai, nikaoshea spana, kisha nikaitia oili mitungi yote iliyobaki stoo.

Wiki iliyofuata wakubwa waliketi, wakatuita mimi na Otieno tu; wale niliowaambia Ijumaa hawakuitwa, na kwa vile walizoea kutia oili kwanza, hawakujua kwamba dawa nayo ina rangi. Waliniuliza swali moja: mafuta yalikuwa na oili au hayakuwa nayo? Nikajibu kwamba hayakuwa nayo. Hilo lilikuwa kweli, na nililisema kwa sauti ya mtu anayesema kweli. Otieno alisimama akarudia kwamba aliona bluu. Mmoja wao akamuuliza, kwa upole, inawezekanaje mafuta yasiyo na oili yawe bluu. Otieno akanigeukia mimi, fundi wake, nieleze. Nikaitazama meza.

Aliachishwa kazi. Pale bichi, ufukweni, vijana wakampa jina, Onge Mo, yaani hakuna mafuta, na watoto wakalichukua, wakawa wanamwita hivyo akipita. Kanisani aliwekwa kando kwenye ushemasi, si kwa sababu ya kusahau, walisema, maana kila mtu husahau, bali kwa kung'ang'ania uongo. Kabla mwaka haujaisha alihamisha familia yake akarudi Ndhiwa kulima. Nami kimya kimya nikaacha kununua dawa, nikavunja ile chupa ya soda, nikarudisha karatasi ya mzee Ogutu. Nilipowafundisha ninyi sikuwaambia ilitoka wapi wala kwa nini nilikuwa mkali hivyo juu yake. Mlidhani ni ustadi wangu, na kila mliponisifu nilinyamaza.

Kwa nini nilinyamaza? Niliogopa kufukuzwa, na niliogopa jela. Nilijiambia pia kwamba Pamela hatarudi hata nikisema. Baadaye nikajiambia kwamba muda umepita, na muda ukazidi kupita. Sina sababu nyingine ya kuwapa iliyo bora kuliko hizo.

Juma moja baada ya ninyi kuniaga, nilitoa lile gazeti kwenye fremu. Nikachukua chupa mbili za soda, petroli, oili kidogo, na kichupa kimoja cha dawa ambacho kilikaa kwenye sanduku langu la spana miaka yote tisa. Sikuwahi kujua nakiwekea nini. Nilikwenda Remba kwanza, kisha Ndhiwa.

Otieno alikuwa nyuma ya nyumba akipalilia mahindi. Amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinitambua akiwa mbali, akaja, akanawa mikono kwenye mtungi wa maji, ndipo akanipa mkono.

“Fundi Chacha. Kumbe mko hai.”

“Tuko hai, Baba Akinyi.”

Alinipa kiti. Alimwita mkewe alete chai, nikasema chai ingoje. Nikachanganya mbele yake bila kumwonyesha nini kinaingia wapi, chupa moja oili, nyingine dawa, nikazitikisa na kumpa zote mbili.

“Tazama kama zamani. Ipi ina oili?”

Aliziinua juani. Alizishusha, akaziinua tena, akageuka kutafuta mwanga ulio bora.

“Yote iko na oili,” akasema.

Nilitandika lile gazeti juu ya kigoda, nikadondosha matone mawili pembeni mwa duara mlilonipa. Tukakaa. Safari hii hakuimba. Jua la Ndhiwa ni kali, halikutuchelewesha. Tone moja lilibaki duara. Palipokuwa tone la pili hapakuwa na kitu.

Otieno alipapasa pale kwa kidole. “Hii moja imeenda yote.”

“Hiyo ndiyo uliyobeba siku ile. Ni dawa peke yake. Niliitia mimi Ijumaa, sikukwambia.”

“Na ilikuwa bluu.”

“Ilikuwa bluu.”

“Kwa hivyo niliona.”

“Uliona, Otieno. Nilijua siku hiyo hiyo, saa nane. Mafuta yaliyobaki nilioshea spana.”

Aliinuka. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeamua nisiinue mkono. Hatimaye aliuliza, “Mume ya Pamela umemwambia?”

“Nilianza kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilingoja nje mpaka boti ya mwisho, hakutoka.”

Akatikisa kichwa. Alichukua ile chupa ya dawa, akaiinua juani mara ya tatu, akaitazama huku jicho moja amelifumba.

“Mimi nilienda kwa daktari ya macho Homa Bay,” akasema. “Mara mbili. Wakanipima na zile herufi zao. Daktari akaniambia, mzee, macho iko sawa kabisa. Mimi sikumwamini. Nikasema huyu hajui. Miaka tisa, Chacha, nikitaka kuvuka barabara nauliza mtoto kama gari inakuja.”

Hapo nililia. Sikuomba msamaha wakati ule, kwa sababu sikuona pa kuuweka. Niliomba baadaye, naye hakunijibu, na sidhani alikuwa na deni la kunijibu. Nilimwambia nitaandika kila kitu, niwapelekee wakubwa nakala, niwapelekee wazee wa kanisa nakala, na ninyi wa karakana niwaandikie yote tangu mwanzo. Barua mbili za kwanza zimekwisha kufika, nami nimeandika ndani yake kwamba niko tayari kwa lolote watakaloamua.

Otieno aliiweka chupa chini polepole, kando ya gazeti. Akageukia nyumba.

“Min Akinyi!” akaita. “Bi ka! Wacha hiyo chai, kuja na kiti.”

Mkewe alitoka akijipangusa mikono, akatutazama sisi wawili, mimi na machozi yangu, akaketi. Mama huyu ndiye aliyekuwa akienda kuchota maji ufukweni Mbita watoto wakimwimbia Onge Mo.

“Sasa, Chacha,” Otieno akaniambia, “anza tena. Anza pale ile dawa ilikuja. Enda pole pole, usiruke kitu.”

Nikaanza tena.